Shangazi, nimsikize mdogo wangu ninunue hisa za teknolojia ama nimsikize baba?

Shangazi shikamoo,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Likoni, nina kibanda cha M-Pesa na pembeni nauza simu, kava, chaja na vitu kama hivo. Nakuandikia manake wiki ya tatu hii silali vizuri na kila ninayemuuliza ana upande wake.

Iko hivi. Chama chetu cha kina mama tulichoanzisha 2014 tumekivunja kwa amani, tukagawana, nikapata 400,000. Mimi mwenyewe nilikuwa na akiba ya 220,000 benki. Jumla 620,000. Sijawahi kushika pesa kama hii tangu nizaliwe na nikuambie ukweli, naiogopa.

Mdogo wangu wa kiume yuko Nairobi, kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Mwaka 2023 alinunua hisa za Nvidia, kampuni ya chipu ya Marekani, kwa apu ya simu, akija nyumbani ananionyesha skrini, pesa yake imezaa mara nne. Anasema dada wewe unauza simu kila siku, unajionea watu wanavyoishi ndani ya simu, sasa hii AI, akili bandia, ndo inakuja kumeza kila kitu, weka yote kwa kampuni za teknolojia za Marekani na watoto wakifika chuo hutaomba mtu. Namuamini, ni msomi na hajawahi kunidanganya.

Baba naye hataki hata kulisikia neno hisa. 2008 Safaricom ilipouza hisa kwa wananchi alichukua mkopo wa sacco 200,000, hisa moja ilikuwa shilingi 5, akaomba 40,000, akapewa kama 8,500 tu manake watu walikuwa wengi, pesa iliyobaki ikachelewa kurudi na huku mkopo unakatwa kwa mshahara. Bei ilipanda mwanzoni akakataa kuuza, ikashuka, na 2009 akauza karibu zote kwa shilingi 3 na senti. Mimi nilikuwa nimemaliza fomu foo, nilikaa nyumbani mwaka mzima kabla ya kuingia koleji kwa ajili ya huo mkopo. Mama alilia sana. Mpaka leo baba anasema hisa ni kamari. Kuna chache alibakisha, lakini hajui ni ngapi na hataki kuulizwa.

Mume wangu, kibarua wa bandarini, anataka tununue ploti upande wa Mtwapa.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Niliingizwa kwa grupu moja la Telegramu, kuna bwana wanamuita mwalimu, anauza hisa za kampuni ya AI ambayo ati haijaingia sokoni, faida asilimia 3 kila siku. Niliweka 5,000 kujaribu, sasa skrini inasoma 9,000 na kitu. Nikitaka kuitoa wanasema nilipe kwanza ada ya 2,500.

Mambo mengine ni kwamba nadaiwa na sacco, imebaki 180,000, riba ni asilimia 1 kwa mwezi kwa deni lililobaki. Kifungua mimba wangu yuko Grade 8. Nyumba yetu inakula kama 35,000 kwa mwezi, karo kando.

Shangazi, ninunue ama nisinunue? Na kama ni kununua, kampuni gani?

Mama Duka, Likoni

*

Marahaba mwanangu.

Tuanze na lile ulilolificha mwisho manake ndo la haraka. Hio 2,500 usitume. Leo, kabla hujafunga duka, toka kwa hilo grupu, na ile 5,000 yako ihesabu kuwa imeenda. Hakuna hisa pale. Ile 9,000 unayoiona ni namba mtu ameandika tu, wewe ni mtu wa M-Pesa na unajua tofauti ya meseji ya kweli na ile ya kubandika. Asilimia 3 kwa siku, ukiiacha izae juu ya yenyewe mwezi mmoja tu, pesa inazidi mara mbili, na biashara ya namna hio haipo Likoni wala Marekani. Na mahali popote unapoambiwa ulipe ndio upewe pesa yako mwenyewe, ujue umefika mwisho wa mchezo, wanakamua tone la mwisho. Tanzania wanaikumbuka DECI ya 2009, waliita kupanda mbegu, watu waliuza mashamba wakapande. Sasa imebadilishwa jina tu, imevalishwa neno AI. Na usione haya, watu wenye digrii wameliwa humo humo.

Tena mwambie mume wako. Sio kwa sababu ya 5,000, ni kwa sababu wanaotapeli wanaishi kwa siri za watu, ile aibu ya kusema ndio inawafanya wakurudie mara ya pili kwa namba ingine.

Haya, sasa tuje kwa swali lenyewe. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kinachonigusa zaidi ni hadithi ya mzee wako, manake mimi naona nyumba yenu mmeielewa vibaya miaka hii yote. Mnasema mzee alikosea kununua hisa. Mwanangu, mzee hakukosea kampuni. Hebu tufuatilie hizo hisa 8,500. Alizinunua kwa 42,500. Safaricom ile ile aliyoiuza kwa shilingi 3 na senti, Agosti 2021 ilifika 44, yani zingekuwa 374,000. Baadaye ikaporomoka tena, 2023 ilikuwa chini ya 15, halafu ikainuka, na Desemba 2025 serikali ilipotangaza mpango wa kuiuzia Vodacom asilimia 15 ya kampuni, bei waliyotaja ilikuwa shilingi 34. Hapo katikati kuna gawio la kila mwaka, ile faida wanayogawia wenye hisa, sijalihesabu.

Kwa hivo mzee alichagua vizuri sana. Kilichomuumiza ni pesa aliyotumia. Ilikuwa pesa ya mkopo, ina riba, ina tarehe, na nyuma yake kuna binti anasubiri kwenda koleji. Pesa kama hio haiwezi kungoja, na hisa bila kungoja ni balaa. Bei iliposhuka 2009 (na wakati huo masoko ya dunia nzima yalikuwa yameshuka, sio letu peke yake) yeye hakuuza kwa kupenda, aliuza kwa sababu makato ya sacco yalikuwa yanamsubiri mwisho wa mwezi. Mimi nami nilipanga foleni ile ile 2008, nimebaki na hisa 1,000 mpaka leo, zilinigharimu 5,000. Gawio la mwaka wa fedha ulioisha Machi 2025 lilikuwa 1.20 kwa kila hisa, nikapata 1,200 wakakata kodi asilimia 5 nikabaki na 1,140. Sijamshinda mzee wako kwa akili, hapana, ile pesa tu haikuwa na kazi ingine, ningeweza kuisahau na nikaisahau kweli.

Hapo ndipo jibu langu lilipo. Usianze na kampuni gani, anza kwa kuuliza kila shilingi ya hii 620,000 itahitajika lini. Ile yenye tarehe haiendi kwa hisa, iwe Nvidia iwe nini. Ile isiyo na tarehe, ambayo hata ikikatika nusu watoto watakula na duka litafunguliwa, hio sawa, tunaweza kuongea.

Lakini kwanza nikuelezee hizi kampuni manake sitaki ununue wala ukatae kwa kufuata mtu.

Wewe ni mfanyabiashara, unajua kilemba. Mtu anahama duka lake mjini Mombasa, lina wateja na lina jina, anakuambia nipe kilemba nikuachie. Sasa duka linaleta faida 100,000 kwa mwaka. Akitaka kilemba cha laki tano utafikiria, ni faida ya miaka mitano. Akitaka milioni nne? Duka ni lile lile zuri, wateja ni wale wale, lakini unalipa faida ya miaka 40 mapema, na utakuwa umebeti kwamba duka litakua likue likue bila mtu kufungua lingine mkabala. Hisa za teknolojia karibu zote zina kilemba kikubwa ndani ya bei. Mdogo wako anakuambia duka ni zuri, na ni kweli, Nvidia inatengeneza chipu ambazo kila mwenye kujenga AI anazipigania. Lakini hajakuambia kilemba ni ngapi, na bei ikishuka mara nyingi sio kwamba duka limefilisika, ni kilemba ndo kimeshuka.

Haya mambo yalishatokea. Mwaka 1999 na 2000 Wamarekani walikuwa na wazimu wa intaneti kama huu wa AI, na walikuwa sahihi kabisa, intaneti kweli ilibadilisha dunia, si ndo unauzia simu. Lakini Nasdaq, lile soko lenye kampuni nyingi za teknolojia, lilifika kileleni 5,048 tarehe 10 Machi 2000 na kufikia Oktoba 2002 lilikuwa 1,114. Aliyekuwa na mia alibaki na ishirini na mbili. Lilikuja kukifikia tena kile kilele 2015, miaka 15! Amazon yenyewe, hii hii ya leo, ilitoka juu ya dola 100 ikaenda chini ya dola 6. Na kulikuwa na Cisco, walikuwa wanauza mitambo ya kuunganisha intaneti, wote waliisifu kama wanavyosifu Nvidia sasa, Machi 2000 kwa muda mfupi ikawa kampuni yenye thamani kuliko zote duniani. Biashara yake haikufa, mpaka leo inauza, ila bei ya hisa ilichukua zaidi ya miaka 20 kurudi pale ilipokuwa. Mtu aliinunua akiwa na umri wako akazeeka anasubiri kilemba chake.

Sisemi AI itakuwa hivo hivo. Sijui mimi na mdogo wako hajui. Nasema kwamba kujua kitu kitabadilisha dunia hakukuambii bei ya leo ni nzuri.

Na mfano wa huku kwetu ni Jumia, wewe muuza simu lazima unawajua manake wamekuchukulia wateja. Aprili 2019 waliingia soko la hisa la New York, bei ya kuanzia dola 14.50, siku ya kwanza ikapanda asilimia 75, kila gazeti likaandika Amazon ya Afrika. Haikumaliza mwaka, walifunga Tanzania na Kameruni, na Machi 2020 hisa ilikuwa chini ya dola 3. Halafu Februari 2021 ikapita 60! Halafu ikaanguka tena. Pikipiki zao ulikuwa unaziona barabarani siku zote hizo, mizigo inafika, kazi inaendelea, na bei inaruka kama mtu mwenye degedege. Kuijua kampuni kwa kuiona hakutoshi.

Sasa kuhusu mdogo wako. Kijana mzuri na anakupenda, hilo nalisoma. Lakini yeye ana mshahara, hujaniandikia kama ana mtoto, na alipoingia 2023 wimbi ndo lilikuwa linaanza. Muulize kwa upole maswali mawili. La kwanza, hio pesa uliyoweka ni sehemu gani ya pesa yako yote? Nakuhakikishia hakuweka yote, sasa mbona wewe akuambie yote. La pili, tarehe 27 Januari 2025 ulifanya nini? Siku hio habari za DeepSeek, kampuni ya AI ya Uchina, zilitikisa soko, watu wakaogopa kwamba AI inaweza kujengwa kwa bei rahisi, na Nvidia ilishuka asilimia 17 kwa siku moja tu, karibu dola bilioni 600 za thamani ya kampuni zikayeyuka kabla soko halijafungwa. Ilirudi baadaye, ndio. Lakini jiweke wewe pale kibandani kwako, una foleni ya wateja, unachungulia simu, laki sita imekuwa laki tano kwa siku moja na hujui kesho itakuwaje. Utakaa kimya? Mzee wako hakuweza, na sio woga, ni majukumu.

Meta nayo, wenye Facebook na hio Wasapu unayotumia, Septemba 2021 hisa ilipita dola 380, Novemba 2022 ilikuwa chini ya 90. Walioshikilia waliiona ikipita 700 mwaka 2025. Waliouza ile Novemba wengi wao hawakuwa wajinga, walikuwa na kodi ya nyumba.

Kuna na mambo ya kununua hisa za Marekani ukiwa Kenya ambayo apu haziyasemi kwa sauti. La dola kwanza. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160. Tuseme uliweka 160,000 ukapata dola 1,000 ukanunua hisa. Katikati ya mwaka ule ule dola ilikuwa kama 129. Hisa isiposogea hata senti, ukiirudisha nyumbani unapata 129,000, elfu 31 zimeenda na kampuni haijakosa lolote. Inaweza kukupendelea pia, shilingi ikishuka unafaidi, lakini wewe unalipa karo kwa shilingi kwa hivo hio hatari ni yako. Halafu gawio kutoka Marekani linakatwa kodi asilimia 30 huko huko manake Kenya haina mkataba wa kodi na wao, ingawa kwa teknolojia hilo halikuumizi sana, wengi wa hawa wanagawa kidogo sana, mwaka 2025 Nvidia ilikuwa inagawa senti moja ya dola kwa hisa kila robo mwaka, Amazon haikugawa kabisa. Ukitegemea kula gawio basi huko siko.

Ada ndo uangalie sana. Piga hesabu ya kila kitu, kutoka M-Pesa mpaka dola, komisheni ya kununua, komisheni ya kuuza, kurudisha shilingi. Ukiweka elfu mbili mbili na kila safari wanakula mia, umeshapoteza asilimia 5 kabla ya kuanza. Na hio apu uitafute jina kwa orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, iko onlaini bure. Uwaulize kwa maandishi hisa zinaandikwa kwa jina la nani, na ukifa mwenye kurithi anazipataje. Usione ni maswali ya ukorofi. Machi 2008, miezi mitatu tu kabla ya hisa za Safaricom kuanza kuuzwa sokoni, kampuni ya broka (dalali wa hisa) iliyoitwa Nyaga iliwekwa chini ya usimamizi na wateja kibao wakagundua hisa zao zilishauzwa bila wao kujua. Kwa soko letu la Nairobi una akaunti ya CDS, ile inayoandika hisa zako, kwa jina lako na kitambulisho chako, uwe unaomba stetimenti kutoka CDSC wenyewe, wanaotunza rekodi hizo, na sio kwa broka peke yake.

Haya, kalamu na karatasi. Nitafanya kama vile pesa ni yangu, wewe utarekebisha na mume wako.

180,000 inaenda kumaliza deni la sacco. Najua haina raha, hutamwonyesha mtu skrini. Lakini asilimia 1 kwa mwezi ni kama 12 kwa mwaka, ukilipa leo umejipatia hio 12 bila hatari hata kidogo, na hakuna mtu Wall Street anayeweza kukuahidi 12 kwa uhakika, akikuahidi mkimbie kama ulivyokimbia yule mwalimu. Waulize sacco kwanza kama kuna faini ya kumaliza mapema. Unabaki na 440,000.

210,000 ni ya dharura, miezi sita ya 35,000 zako. Mume wako ni kibarua, meli zikipungua anakaa nyumbani, na wewe mwenyewe ukiugua duka linafungwa. Hii ikae kwenye mfuko wa soko la fedha (money market fund) wenye leseni, ule unaoweza kutoa ndani ya siku mbili tatu. Usiiweke kwa hatari na usiichanganye na floti ya M-Pesa, hapo najua ndo kuna majaribu, siku floti imeisha saa kumi na mteja amesimama.

150,000 ya kifungua mimba. Grade 8 leo, kufumba na kufumbua anaingia senior school, sanduku, godoro, sare, karo. Hio pesa ina tarehe kuliko zote. Unaweza kununua tibili za serikali, yani unaikopesha serikali kwa muda mfupi, kwa DhowCSD, mtandao wa Benki Kuu wa kuzinunua, unaanzia 50,000, unachagua ikomae karibu na wakati wa karo. Faida yake inapanda na kushuka, 2024 zilifika asilimia 16 na zaidi, mwaka uliofuata zikashuka karibu nusu, kwa hivo usipige hesabu na bei za mwaka juzi. Lakini ulichoweka kinarudi chote na tarehe inajulikana.

Zimebaki 80,000. Hizi mwanangu ndo za hisa, na hapa namuunga mkono mdogo wako kabisa. Nisingependa ukae miaka 20 ukiogopa kwa sababu ya lililompata mzee. Wewe una miaka 36, una muda ambao ndo mali kubwa kwa jambo hili, na unaijua teknolojia kwa mikono yako kuliko wengi wenye tai.

Ila usiziweke siku moja na usiziweke kwa kampuni moja. Gawanya kwa mwaka mzima, kama 6,500 kila mwezi, tarehe ile ile, bei iwe juu iwe chini, hutajiuliza uliza. Sehemu nunua soko la hisa la Nairobi, tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja, zamani kwa soko la kawaida ulianzia 100. Safaricom ni kampuni ya teknolojia ambayo wewe uko ndani yake kila siku, ukiona wateja wa kutoa na kutuma wamepungua kibandani utajua kabla ya magazeti. Lakini hapo hapo kuna kitu nataka ukione, kazi yako tayari inategemea M-Pesa. M-Pesa ikiyumba duka linayumba na hisa zinayumba siku moja. Kwa hivo kidogo tu huko, isizidi robo.

Iliyobaki, kama unataka za Marekani, badala ya kuchagua Nvidia peke yake nunua mfuko wa indeksi, ule unaofuata kampuni 500 kubwa za Marekani, S&P 500. Mmoja wa hio mifuko, wa kampuni ya Marekani ya Vanguard, ada yake ni asilimia 0.03 kwa mwaka, hujawahi kuona ada ndogo hivo. Na ujue kampuni saba kubwa za teknolojia, Nvidia, Apple, Microsoft, Alphabet wenye Google, Amazon, Meta na Tesla, zinachukua karibu theluthi ya mfuko huo. Kwa hivo AI unayo tayari, ikipaa unapaa nayo, ikianguka kuna benki na hospitali na wauza vyakula wa kukushika. Sio kinga, 2008 na 2022 mifuko hio pia ilishuka vibaya, lakini kampuni moja inaweza kufa na 500 haziwezi kufa pamoja. Mdogo wako atasema hio ni polepole. Mwambie ndio, dada yako anataka polepole.

Ukinunua andika kwa daftari la duka sababu ya kununua na mwaka ambao hutagusa kabla yake. Mimi ningeandika miaka kumi. Meseji za apu, zile za imepanda imeshuka, zizime, zinaharibu usingizi na wewe tayari hulali.

Ploti ya Mtwapa sijaikataa. Kwa laki sita sidhani utapata ploti safi yenye hati upande ule, na nimeona watu wengi wa pwani wamenunua karatasi wakidhani wamenunua ardhi. Lakini mume wako ana haki ya kutaka kitu anachoweza kukikanyaga. Mwonyeshe hii hesabu kabla ya kutuma shilingi popote, deni likiisha ile mliyokuwa mnalipa sacco kila mwezi iwe ndo mbegu ya ploti, kwa jina la nyote wawili. Usinunue hisa kwa siri, bei ikishuka utakuwa na misiba miwili.

La mwisho ni mzee wako. Umesema alibakisha hisa chache na hajui ni ngapi. Kama miaka hii yote alibadilisha namba ya simu, sanduku la posta au benki, kuna gawio ambalo halikumfikia, na gawio lisilochukuliwa kwa muda mrefu hupelekwa UFAA, ile mamlaka ya serikali inayotunza mali zisizodaiwa, haipotei, inamsubiri mwenyewe. Nenda naye na kitambulisho chake halisi, kama ile karatasi ya zamani ya CDS bado iko kwa sanduku la mama iwe nayo, muulize broka aliyemfungulia au CDSC salio lake, halafu mpige jina lake UFAA muone. Usimwambie mnaenda kwa mambo ya hisa, mwambie kuna pesa yake ya 2008 mnaifuata. Na mkishajua zilikuwa ngapi, niandikie.

Wako,
Shangazi